Tone liko chini, tundu liko juu: kisa cha IST ya Mwalimu

Gari ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini 1NZ-FE yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,497 (cc), gia ya otomatiki. Mwenye gari ni mwalimu mstaafu wa Morogoro, mama wa makamo yale ambayo watu hawathubutu kumuuliza miaka. Gari analitumia kwa mambo mawili tu: mizunguko ya mjini, na safari ya Dar es Salaam kuwaona wajukuu, karibu kilomita 190 kwenda peke yake. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: oili inapungua, na asubuhi kuna matone sakafuni upande wa dereva.

Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kuliona. Wa kwanza alipiga magoti, akachungulia kwenye puli ya krenki, gurudumu la mkanda lililo kwenye ncha ya mhimili mkuu wa injini, akakuta utando mweusi. Akasema sili ya krenki ya mbele, mpira unaozuia oili isitoke hapo, imekufa. Wa pili alilala chini, akapitisha kidole kwenye ukingo wa sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, kidole kikatoka kimelowa. Akasema sampu ishushwe, silikoni ya zamani ikwanguliwe, ipakwe mpya. Hukumu zote mbili zilikuwa na ushahidi. Puli ilikuwa na oili kweli, na sampu ilikuwa imelowa kweli. Tatizo ni kwamba ushahidi wote ulikusanywa chini, na kwenye injini chini ndiko oili yote huishia, itokako popote.

Oili ikishatoka hushuka kwa uzito wake. Gari likiwa barabarani, upepo unaoingia mbele huisukuma kuelekea nyuma. Ikikutana na mbavu za bloku, kichwa cha bolti au ukingo wa kasha, huugeuza huo kuwa mfereji na kutambaa pembeni. Kwa hiyo tone linaweza kudondokea mbali sana na lilikozaliwa. Anayetafuta chanzo hutafuta mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipolowa, kisha anajiuliza kama juu ya hapo pamekauka. Bila jibu la swali hilo la pili, bado hajapata kitu.

Daftari

Hapa Mwalimu alinirahisishia kazi kuliko mteja yeyote. Alikuwa na daftari la shule la mistari, kila ukurasa umepigwa safu kwa rula: tarehe, kilomita, kiwango cha oili kwenye kijiti cha kupimia, maelezo. Alipima kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa palepale kwenye sakafu ya saruji, injini ikiwa imelala usiku kucha. Watu wengi hupima leo kwenye mteremko na kesho kwenye tambarare, leo injini ya moto na kesho ya baridi, halafu hushangaa kijiti kinasema uongo.

Daftari lilionyesha jambo ambalo mafundi hawakuwa wameliuliza. Wiki za mizunguko ya mjini kiwango kilishuka kidogo mno. Wiki zenye safari ya Dar kilishuka karibu nusu ya nafasi iliyopo kati ya alama ya juu na ya chini. Lakini matone ya asubuhi yalikuwa yaleyale, machache, wiki zote.

Hebu tufanye hesabu. Tone moja la oili halizidi sehemu ya ishirini ya mililita. Hata tukisema safari moja ilipoteza nusu lita tu, hayo ni matone yasiyopungua elfu kumi. Madoa manne matano sakafuni hayawezi kueleza upungufu wa namna hiyo, hata ukiyapa mwezi mzima. Kwa hiyo oili nyingi ilikuwa inapotelea njiani, injini ikiwa moto na inazunguka kwa kasi. Hapo njia ni mbili: ama inavuja kwa presha, ama inaungua ndani pamoja na petroli.

Ya kuungua niliipima kwanza kwa macho. Asubuhi, injini ikiwa baridi, Mwalimu akaiwasha nami nimesimama nyuma kwenye bomba la moshi. Sili za valvu zikichoka, oili huteremka silindani usiku, na moshi wa bluu hutoka pale gari linapowashwa kisha hupotea. Haukutoka. Tukaenda barabarani, akashuka mlima kwa gia bila kukanyaga mafuta, kisha akakanyaga ghafla. Moshi wa bluu hapo huonyesha mara nyingi kwamba oili inapita kwenye valvu au ringi za pistoni. Haukutoka pia. Hii haithibitishi kwamba injini haili oili hata chembe, ila ilitosha kuelekeza macho nje.

Je, ni oili ya injini?

Usilirukie hilo. Nililaza katoni lililokunjuliwa chini ya gari, nikachora juu yake matairi mawili ya mbele na mstari wa bampa ili nijue kila doa limetoka upande gani. Kwenye IST, kama Toyota nyingi ndogo zenye injini iliyolala kwa upana, mikanda iko upande wa kulia wa gari na gia boksi iko kushoto. Asubuhi madoa yalikuwa kulia, ya kahawia iliyoiva, mazito, yenye harufu ya oili iliyotumika. Haidroliki ya gia boksi ingekuwa na wekundu, tena nyepesi zaidi. Maji ya radieta yangekuwa na rangi yake na utamu wa harufu. Maji safi yanayodondoka siku ya joto ni ya kiyoyozi, hayo ni haki yake gari.

Kuosha, kisha poda

Injini iliyochafuka kwa miaka haiwezi kusema chanzo chake. Ni lazima ioshwe. Tulifunika altaneta na viunganishi vya umeme kwa mifuko ya plastiki, tukapaka dawa ya kuondolea grisi, tukasugua kwa brashi ya meno ya zamani, tukasuuza kwa maji ya mtungi, si kwa mashine ya presha. Mashine ya presha husukuma maji mpaka kwenye visima vya plagi na ndani ya soketi, na kesho yake unakuwa na tatizo la pili ambalo hukulileta. Wapo wanaoosha kwa petroli. Nimeona, na sishauri. Mvuke wake unahitaji cheche moja tu ya betri.

Kwa kazi ya chini, gari lilipandishwa kwa jeki, likakalishwa juu ya stendi mbili za chuma, matairi ya nyuma yakawekewa mawe, breki ya mkono ikavutwa. Jeki ni ya kunyanyulia. Hailindi mtu aliye chini, na matofali hayalindi pia, maana hupasuka bila kutoa taarifa.

Injini ilipokauka nilipuliza poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani, kwenye kila maungio upande wa mikanda: chini ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), kwenye mshono wa kasha la cheni, kuzunguka valvu ya oili ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili wakati wa kufunguka kwa valvu), juu ya ukingo wa sampu. Injini hii haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na kasha la cheni limebandikwa kwa silikoni bila gasketi ya karatasi. Sampu nayo vilevile. Poda ikishika vizuri, uso wote unakuwa mweupe kama chapati iliyonyunyiziwa unga, na oili ikipita inaacha njia nyeusi isiyofutika.

Ipo pia rangi maalumu ya kumwagia ndani ya oili ambayo hung'aa ukiimulika kwa mwanga wa zambarau. Tochi yake ni ya jamii ileile wanayokagulia noti dukani. Ni njia nzuri kwa uvujaji mdogo sana, lakini kwa kisa hiki poda ilitosha.

Tukaiwasha injini, gari likiwa limesimama palepale, mpaka feni ya radieta ikawaka na kuzima. Nikamulika kwa tochi, mikono mbali, kanga ya Mwalimu mbali zaidi, kwa sababu mkanda unaozunguka haumjui mwalimu wala mwanafunzi. Hakuna kilichoonekana zaidi ya unyevu mmoja mwembamba. Hilo halikunishangaza, daftari lilikwisha kusema gari linavuja likienda. Nikamwomba aliendeshe barabara ya Dodoma kwa mwendo wa safari, aende, ageuze, arudi.

Aliporudi ramani ilikuwa imechorwa.

Njia ya kwanza ilianzia chini ya valvu ya oili ya VVT-i. Hii ni silinda ndogo ya chuma yenye soketi ya umeme kichwani, imechomekwa kwenye silinda hedi, sehemu ya juu ya injini, upande wa mikanda, na hushikiliwa na bolti moja. Kazi yake ni kugawa oili yenye presha ili kusogeza kamshafti, mhimili unaofungua valvu za kuingiza hewa. Kati ya mwili wake na hedi kuna o-ringi. Kutoka hapo njia nyeusi ilishuka nyuma ya altaneta, ikaufuata mshono wa kasha la cheni, ikarushwa kidogo na puli, kisha ikaufikia ukingo wa sampu na kutambaa nao mpaka kona ya nyuma. Hapo ndipo tone lilipokuwa likijinyonga usiku. Poda iliyokuwa juu ya valvu ilibaki nyeupe kabisa. Hilo ndilo lililonipa uhakika, kwa sababu gasketi ya tapeti kava ikivuja kwenye kona ya upande wa cheni, oili huweza kuteremkia juu ya valvu hii na kuisingizia.

Puli nayo ilijieleza. Sili ya krenki ikivuja, oili hutokea nyuma ya puli, katikati, na hurushwa kwa duara kila upande. Hapa nyuma ya puli palikuwa pakavu, na michirizi ilianzia juu.

Njia ya pili ilikuwa fupi: unyevu kwenye gasketi ya tapeti kava upande wa ekzosi. Ulishuka mpaka kwenye bati la kukinga joto na kuishia hapo, umeungua. Mwalimu akasema ndiyo maana husikia harufu ya kuungua akisimama kwenye foleni ya Kibaha. Kwenye malalamiko yake ya kwanza hakuitaja. Alidhani ni ya malori.

"Kwa hiyo, mwanangu, sampu haina kosa?"

"Bado sijaifutia lawama, Mwalimu. Ila haitaguswa leo."

Kuziba

Tulianza na valvu. Injini baridi, waya hasi wa betri umetolewa. Kabla ya kufungua nilisafisha pande zote, maana mchanga ukiingia kwenye tundu lile unakwenda moja kwa moja kwenye njia za oili. Soketi ya umeme kwenye gari la umri huu ina ulimi wa plastiki uliokauka. Hubonyezwa taratibu huku kiunganishi kikivutwa, haung'olewi kwa bisibisi. Nilichungulia ndani ya soketi: kavu. Kungekuwa na oili mle, valvu yenyewe ingekuwa imepasuka kwa ndani na o-ringi mpya isingesaidia chochote. Bolti ya spana namba 10 ikatoka, valvu ikazungushwa kushoto na kulia mpaka ikalegea, ikavutwa nje.

O-ringi ilikuwa imekuwa bapa, imekomaa kama plastiki ya kalamu. Nilipoikunja ilikatika. Mpira unaokaa kwenye joto la injini miaka yote hupoteza mnyumbuko, na o-ringi isiyosukuma kuta haizibi kitu. Kwa sababu hiyohiyo ushauri aliopewa Mwalimu wa kuweka oili nzito zaidi usingemfikisha mbali: oili nzito hupunguza kasi ya kuvuja, mpira uliokufa haurudishi uhai. Dawa za chupa za "kuzuia kuvuja" hulainisha mpira kwa muda, na mpira mwingine uliokuwa mzima nao unalainishwa bila kuomba.

Kijana wake aliyekuwa Dar alipita kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani akaleta o-ringi ya Viton, mpira unaohimili joto na oili, ya kipimo kilekile. Ukinunua, nenda na ile ya zamani, hata kama imekatika, na uulize inahimili joto na oili ya injini. O-ringi za mabomba ya maji zinafanana nayo kwa sura na hazidumu. Nikaipaka oili mpya, nikaichomeka valvu wima bila kuipindisha, bolti ikabanwa kwa kiasi. Inaingia kwenye aluminiamu, na uzi wa aluminiamu ukiliwa, uvujaji unakuwa ndiyo tatizo dogo kati ya mawili.

Tapeti kava ilichukua muda zaidi. Koili nne za plagi zilitolewa na kupangwa kwa mpangilio wake, mipira ya hewa ikachomolewa. Bolti zote nilizichomeka kwenye kipande cha katoni kwa umbo la kava lenyewe ili kila moja irudi kwake, kwani hazilingani urefu. Visima vya plagi vilikuwa vikavu. Gasketi ilitoka vipande vipande. Mfereji wake ulisafishwa kwa kitambaa na kijiti cha mti, si bisibisi, ili kuta zisichubuke.

Gasketi mpya iliwekwa kavu. Silikoni ilipakwa mahali pawili tu, kiasi kidogo, pale kasha la cheni linapokutana na hedi, kwa kuwa hapo vyuma viwili haviko sawasawa kabisa na mpira peke yake huacha upenyo. Kuna mafundi wanaozungushia silikoni gasketi yote kama krimu ya keki. Inayozidi hubanwa nje na ndani. Ya nje unaiona na kuikwangua. Ya ndani humeguka, huteremka mpaka kwenye sampu na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili, na hapo unahama kutoka gari linalovuja kwenda gari lisilo na presha ya oili.

Bolti zilibanwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa mizunguko mitatu, mpaka Nm 10. Kwa asiye na spana ya kupimia mkazo: ni kama nguvu ya kilo tano ukishika mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 20. Kiganja kinatosha, bega halihusiki.

Kwa nini vyote viwili vilitoka pamoja?

Umri ni jibu, lakini si jibu lote. Ndani ya injini hewa inayopenya kwenye ringi hujaza presha chini ya pistoni, na valvu ya PCV iliyopo kwenye tapeti kava huivuta hewa hiyo kurudi kwenye manifoldi ya kuingiza ichomwe. Ikiziba, presha hutafuta mlango, na mlango ni gasketi iliyo dhaifu kuliko zote. Ukibadilisha gasketi na kuiacha PCV, umemweka mlinzi mpya kwenye mlango uleule unaopigwa mateke.

Nilijaribu kabla ya kufungua kitu chochote. Injini ikiwa silensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, nilitoa kifuniko cha kujazia oili, nikaweka karatasi nyepesi juu ya tundu. PCV ikiwa nzima, karatasi huvutwa kidogo na kukaa. Hii ilikuwa ikinyanyuliwa. Valvu ilipotolewa na kutikiswa haikulia. Ile nzima hulia kwa ndani. Nilipuliza kila upande, haikupitisha hewa popote: ilikuwa imejaa ugoro wa oili iliyopikwa. Tukaweka mpya. Karatasi ikavutwa.

Baada ya hapo

Silikoni iliachwa ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye bomba lake, gari likalala. Siku iliyofuata tuliosha tena, tukapaka poda tena, Mwalimu akalipeleka barabarani. Poda ilirudi nyeupe kwenye valvu na kwenye tapeti kava.

Katoni lakini lilipata doa, dogo, palepale kona ya nyuma ya sampu. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kurudi kwa fundi wa kushusha sampu. Nilipitisha kitambaa juu ya kava ya plastiki ya chini na kwenye fremu iliyobeba injini: oili ya zamani ilikuwa imetuama kwenye mikunjo ambayo brashi haikufika, na gari likitikiswa ilikuwa inajimimina kidogo kidogo. Tulifuta, tukaweka katoni jipya, tukaendelea kulibadilisha. Doa lilizidi kufifia mpaka likakoma.

Mwalimu amekwisha kwenda Dar na kurudi. Safu ya kijiti haikusogea kiasi cha kusomeka. Hilo pia lilijibu swali la moshi nililoliacha wazi kule mwanzoni: kama ingekuwa inaungua ndani, ingeendelea kushuka hata baada ya nje kukauka.

Sampu bado ina unyevu mwembamba kwenye urefu wa kidole karibu na bolti ya kumwagia, usiodondoka. Nadhani ni ringi ya bolti hiyo, ile inayopaswa kubadilishwa kila oili inapomwagwa na ambayo gereji nyingi huirudisha ileile. Itabadilishwa oili itakapofika zamu yake; kumwaga lita tatu na ushee za oili nzuri kwa ajili ya unyevu huo sioni sababu. Kama bado patalowa baada ya hapo, basi zamu ya silikoni ya sampu itakuwa imefika, na fundi wa pili atakuwa na haki ya kudai alisema. Kitu pekee ambacho kingenifanya nimrudishe gereji mara moja ni oili kutokea kwenye maungio ya injini na gia boksi. Hiyo ni sili ya nyuma ya krenki. Gia boksi lazima ishuke, na kazi hiyo haifanywi uani kwa stendi mbili.

Kwenye daftari ameongeza safu mpya: PCV.